Kipimo cha 77: Maria João Pires na koncheto ambayo hakuwa ameiandaa

Mchana mmoja mwishoni mwa miaka ya 1990, katika ukumbi wa Concertgebouw mjini Amsterdam, mpiga piano Mreno Maria João Pires aliketi kwenye piano akisubiri okestra ianze koncheto ya Mozart, yaani kazi ya mpiga piano mmoja akijibizana na okestra, kwa kawaida yenye sehemu tatu. Lilikuwa onesho la saa ya chakula cha mchana. Kamera zilikuwa ndani na watu walikuwa wamekaa vitini. Riccardo Chailly, Mwitaliano aliyekuwa mwongozaji mkuu wa okestra ile tangu 1988, akanyanyua mikono, nazo fidla zikaanza chinichini. Sekunde chache tu, Pires akajua kwamba koncheto inayopigwa siyo aliyojiandaa nayo.

Ukiitazama filamu ile, huhitaji kujua noti hata moja ili uelewe kilichompata. Anashtuka kama mtu aliyepigwa shoti ya umeme. Anashika kichwa, anainama, kisha anageuka kumwambia Chailly kwamba kuna makosa. Chailly haisimamishi okestra. Anaendelea kuongoza huku akitabasamu, na anamjibu muziki ukiwa unakwenda: hii uliipiga msimu uliopita, unaijua vizuri, utaiweza. Wanasemezana hivyo, mama huyu akikataa na mwongozaji akimtia moyo. Halafu Pires ananyamaza na kuangalia vibao vya piano. Zamu yake ilipofika aliingia, akaendelea hadi mwisho kwa ghibu, bila karatasi. Chailly amesimulia baadaye kwamba hakukosea.

Filamu hiyo imezunguka dunia nzima, na wengi wanaoisimulia huiita muujiza. Mimi nafundisha piano na kupiga kinanda cha kwaya, na nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ninachokiona ni mtu aliyehifadhi. Ninalitumia neno hilo kwa maana yake ya madrasa, kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu kazi hiyo kwa karibu: mtoto anahifadhi Kurani juzuu kwa juzuu, halafu maisha yake yote anafanya muraja'a, anarudia asipoteze. Mtume alifananisha kilichohifadhiwa na ngamia waliofungwa kamba. Usipowaangalia, wanakata kamba na kwenda. Mpiga piano aliyebeba koncheto thelathini kichwani ana ngamia thelathini wa namna hiyo. Kisa cha Amsterdam kinatuonesha ngamia ambaye mwenyewe alidhani yuko mbali, kumbe kamba yake ilikuwa bado imara, na swali ninalotaka kulifuata ni kamba ile ilifungwaje.

Kwanza tumjue mwenyewe. Pires alizaliwa Lisbon tarehe 23 Julai 1944. Akiwa na miaka saba alikuwa tayari anapiga koncheto za Mozart mbele ya watu. Mwaka 1970 alishinda mashindano ya Brussels yaliyoadhimisha miaka mia mbili tangu kuzaliwa kwa Beethoven. Sonata za piano za Mozart amezirekodi zote, tena mara mbili, kwa kupishana miaka zaidi ya kumi. Kwa hiyo siku ile Amsterdam alikuwa na miaka hamsini na kitu, na zaidi ya arobaini kati ya hiyo alikuwa ameishi ndani ya lugha ya Mozart. Wanaosimulia kisa hiki huruka jambo hili, wakaanza na uso wake uliojaa hofu.

Pili, kazi yenyewe. Kwa hesabu iliyozoeleka koncheto za piano za Mozart ni 27, na wanamuziki huzitaja kwa namba za orodha aliyoichapisha Ludwig von Köchel mwaka 1862. Iliyopigwa siku ile ni K. 466. Iko katika D maina, na ni moja ya mbili tu kati ya zote ambazo Mozart aliziweka kwenye ufunguo wa maina, ule wenye rangi ya huzuni; meja ndio wenye nuru. Inayofuata, K. 467, aliimaliza mwezi mmoja baadaye, na iko katika C meja, ina mwendo wa askari wanaotembea kwa kunyata. Kwenye karatasi namba zinafuatana, lakini kwa sikio ni usiku na mchana. K. 466 inaanza bila wimbo wa kushika. Fidla zinarudiarudia noti zikipiga katikati ya mapigo, hazikanyagi pigo lenyewe, na chini yake besi na selo zinapandisha vinoti vitatu vya haraka kama kitu kinachojaribu kutoka ardhini. Mtu aliyewahi kuipiga hahitaji hata kipimo kizima, yaani kile kikundi kidogo cha mapigo ambacho muziki hugawanywa kwacho, ili aitambue. Ndiyo maana Pires alishtuka mapema vile.

Kutambua na kuweza kupiga ni mambo mawili, na hapo ndipo kisa kinaponoga.

Koncheto nyingi za karne ya 18 zinaanza na okestra peke yake. Katika K. 466 okestra inakwenda vipimo 76 mpiga piano akiwa amekaa tu, na piano inaingia kipimo cha 77. Kwa mwendo wa kawaida hizo ni kama dakika mbili na nusu. Fikiria sasa kama makosa hayohayo yangetokea kwenye kazi nyingine. Katika koncheto ya Schumann okestra inapiga pigo moja tu na piano inashuka kama maporomoko, hata muda wa kuvuta pumzi haupo. Katika koncheto ya nne ya Beethoven piano ndiyo inayoanza, kwa hiyo okestra ingekaa kimya ikimngoja, na kosa lingejulikana kwenye ukimya bila mtu kuaibika. Pires alipata kitu cha katikati: muda wa kutosha kuogopa, na pia muda wa kutosha kukumbuka. Inategemea anautumiaje.

Muda ule haukuwa mtupu. Okestra ilikuwa inamkumbusha. Utangulizi wa Mozart unapitisha mbele ya msikilizaji sehemu kubwa ya mada zitakazorudi baadaye. Ni kama imamu katika tarawehe anayekwama kwenye aya, na aliyehifadhi nyuma yake akamdokezea neno moja, akaendelea kana kwamba hakukuwa na kitu. Kila mada iliyopita ilikuwa neno la kumdokezea. Nadhani ndiyo sababu katika filamu kuna mahali ambapo mashauri yanakwisha na anaanza kusikiliza. Mimi hukisimamisha kipande hicho na kuwaonesha wanafunzi, kwa sababu uamuzi unafanyika pale, mikono ikiwa bado mapajani.

Lakini kuna jambo moja ambalo okestra haikuweza kumdokezea. Piano inapoingia kwenye kipimo cha 77 haichukui wimbo wowote uliokwisha kusikika. Inaingia na wimbo wake mpya, taratibu, peke yake, okestra yote ikiwa kimya, na fidla zinarudi chini yake baada ya vipimo kadhaa. Okestra haiugusi wimbo huo kabla yake, wala haiupigi baadaye. Ni mali ya piano. Mozart ameweka mahali palepale ambapo mpiga piano yuko uchi kabisa kitu ambacho hakuna mwenzake anayeweza kumpa. Mlango ule Pires aliufungua mwenyewe. Mtu aliyehifadhi kwa kufuata mkondo tu, noti hii ikiikokota ile, hawezi kuufungua, kwa sababu hakuna kinachomkokota kuingia.

Hapo tuzungumzie hifadhi yenyewe ikoje. Walimu wa piano kwa kawaida huigawa: ya mikono, ya sikio, ya macho, na ya akili, yaani kujua kazi imejengwaje. Ya mikono ndiyo inayokuja kwanza na ndiyo inayotudanganya zaidi. Unarudi kwenye kazi uliyoiacha miaka mitatu, unaweka vidole, navyo vinakwenda vyenyewe, unafurahi kwamba bado unayo. Vidole vinajua kutoka A kwenda B. Ukivisimamisha katikati, havijui vilipo, vinataka kurudi mwanzo. Kila aliyewahi kuanza upya kutoka mwanzo mbele ya watu kwa sababu amepotea katikati anajua aibu hiyo, na ilimpata kwa sababu alikuwa na hifadhi ya mikono peke yake.

Mpiga piano Gabriela Imreh na mwanasaikolojia Roger Chaffin walilifuatilia jambo hili kwa miaka nchini Marekani. Imreh alijirekodi akijifunza kazi ya Bach tangu siku ya kwanza hadi onesho. Zaidi ya miaka miwili baada ya kuiacha, aliombwa kuiandika noti zake kwa kichwa. Alichokumbuka hakikutawanyika ovyo. Mianzo ya vifungu ilibaki vizuri zaidi, na kadiri alivyosogea mbali na mwanzo wa kifungu ndivyo kumbukumbu ilivyofifia. Kwa lugha yetu, milango ilibaki wima hata vyumba vilipoingia giza. Na mwenye mlango anaweza kuingia, kwa sababu akishaingia, mikono na sikio vinamwongoza ndani.

Naamini hicho ndicho kilichomwokoa Pires. Alikuwa na milango. Sina njia ya kuingia kichwani mwake, lakini mtu asiye na milango haingii kipimo cha 77 kwa utulivu ule baada ya kutikiswa vile.

Kwenye K. 466 milango ni mtihani mkubwa kwa sababu mingine inafanana. Ule wimbo wa piano wa kuingilia unarudi katikati ya sehemu ya kwanza mara tatu: kwanza katika F meja, halafu G maina, halafu E-flati meja. Ni uso uleule kwenye nyumba tatu tofauti, na kila nyumba inatokea uchochoro wake. Ukiwa kwenye ya pili ukadhani uko ya tatu, umeruka ukurasa mzima na okestra imekuacha. Halafu kuna njia panda kubwa: wimbo wa pili unapokuja mara ya kwanza unakwenda F meja, una nuru, unaporudi karibu na mwisho unabaki D maina. Noti zinazotangulia zinafanana sana. Mkono uliozoea F utakwenda F, na hautakuuliza.

Kwaya yetu iliwahi kunifundisha jambo hili bila Mozart. Tulikuwa tunarudia wimbo wa Pasaka tulioimba miaka miwili nyuma. Mwalimu akauliza nani anaukumbuka, mikono yote ikapanda. Tukaanza kwa nguvu, kanisa likajaa. Beti la kwanza safi. Kuna mahali ambapo besi ya beti la kwanza inashuka kwenda *re*, na ya beti la pili inapanda kwenda *fa*. Besi nzima ilishuka. Watu wanane, sauti nene, kwa uhakika kabisa, wote pamoja mahali pasipo. Tulijua wimbo ule, na kuujua huko ndiko kulikokuwa kosa lenyewe, maana hakuna aliyekuwa ameangalia karatasi. Mwalimu hakukasirika. Alitutaka tuimbe vipimo viwili tu, vya beti la kwanza na la pili, kimoja baada ya kingine, mara kumi, tusikie vinavyoachana.

Basi mpiga piano anayerudi kwenye koncheto aliyoizoea aanzie wapi? Ninachowaambia wanafunzi, na ninachofanya mwenyewe, ni kukaa na karatasi mbali na piano. Siku mbili au tatu bila kugusa kibao. Ukigusa mapema, mikono itakwambia yote yako sawa na utaacha kutafuta. Ukiwa na karatasi peke yake unaona vitu ulivyovisahau kuviona: kwamba filimbi ndiyo inayokujibu mahali fulani, kwamba okestra ya K. 466 ina tarumbeta mbili na ngoma za timpani ambazo kwa muda mrefu zinanong'ona tu, kwamba ukimya wa kipimo fulani ulikuwa wako na ulikuwa unaujaza kwa pedali. Ukisoma hivyo unauona pia mwili wako wa zamani. Kwenye karatasi zangu kuna namba za vidole nilizoandika kwa penseli nikiwa kijana, na nyingine sikubaliani nazo tena.

Hapo kuna uamuzi mgumu kidogo. Vidole vya zamani vibaya, uvibadili au uviache? Msimamo wangu ni kwamba vikiwa havikuumizi na onesho liko karibu, viache. Mkono ukishajifunza njia moja, njia mpya haiifuti ile ya kwanza. Zinabaki mbili, na siku ya presha ile ya zamani ndiyo inayojitokeza, nusu yake, ukajikuta umesimama katikati ya njia mbili. Ukitaka kubadili, badili miezi mingi kabla. Pires ana mikono midogo, jambo linalofahamika katika ulimwengu wa piano, na mtu mwenye mikono midogo hupanga vidole vyake kwa makini tangu siku ya kwanza kwa sababu hawezi kukisia. Siwezi kusema hilo lilimsaidia kiasi gani siku ile. Lakini kazi iliyopangwa hivyo haisahauliki upesi.

Baada ya karatasi, mkono wa kushoto peke yake. Wengi huuruka kwa sababu unachosha na haupendezi. Jaribu sehemu ya pili ya K. 466, ile Romance ya B-flati meja ambayo inaanza kwa upole kama mtu anayemwimbia mtoto, halafu katikati inapasuka kwa dhoruba ya G maina, mkono wa kushoto ukivuka juu ya wa kulia kwenda na kurudi. Ukiondoa wa kulia, je, wa kushoto unajua unakokwenda? Kwa wengi wetu jibu ni hapana. Ulikuwa unamfuata mwenzake kama kipofu aliyeshikwa mkono.

Kisha milango. Mimi huipa namba. Kwenye koncheto nzima ya K. 466 nimeweka kama arobaini, na naiandika kwenye vijikaratasi ninavyoviweka kwenye kopo. Mwanafunzi anachota kimoja, tuseme 23, anaweka mikono na kuanza hapo bila kuonja kilichotangulia. Asipoweza ndani ya pumzi moja, mlango huo haupo, kulikuwa na ukuta tu ambao mikono ilikuwa inaupita kwa kasi. Zoezi hili linaudhi. Mtu anayeipiga koncheto vizuri toka mwanzo hadi mwisho anaweza kukwama kwenye vijikaratasi kumi kati ya arobaini, na wengine hukasirika kweli. Nawaelewa. Lakini siku ya onesho, ukipotea, huhitaji kujua noti iliyokuponyoka. Unahitaji mlango unaofuata, ili okestra ipite nawe.

Kadenza nayo isisahaulike. Ni pale okestra inaponyamaza karibu na mwisho wa sehemu ili mpiga piano abaki peke yake. Kwa K. 466 Mozart hakutuachia kadenza, na zinazopigwa zaidi ni zile alizoandika Beethoven kwa sehemu ya kwanza na ya tatu. Anayerudi kwenye kazi huitilia mkazo koncheto na kuiacha kadenza kwa mikono, kwa hoja kwamba pale hakuna wa kumharibia. Ndivyo ilivyo, na ndivyo pia hakuna wa kumwokoa.

Mwisho, mtu wa pili. Koncheto haihifadhiwi peke yako. Mtu akae kwenye piano nyingine au hata kinanda kidogo cha kanisani, apige sehemu ya okestra, avuruge kidogo, aharakishe kidogo, umzoee. Asipokuwepo, piga na rekodi ya okestra tu. Nakumbuka mwenzangu mmoja aliyejiandaa kwa miezi mitano bila kusikia okestra hata mara moja. Siku ya mazoezi ya pamoja alishtushwa na sauti ya timpani mgongoni mwake, ikamtoa kabisa. Alikuwa hajakosea noti hata moja nyumbani.

Na kama mtu ameamua kuweka karatasi mbele, aweke. Kuanzia miaka ya 1980 Sviatoslav Richter, mmoja wa wakubwa kabisa wa karne iliyopita, alipiga akiwa na karatasi mbele yake na taa ndogo ikimulika, ukumbi gizani. Hakuwa amepungukiwa na kitu. Kuhifadhi ni kwa ajili ya uhuru, na kama karatasi ndiyo inayokupa uhuru, basi karatasi. Kinachoumiza ni kukaa kati: huna karatasi, na hifadhi uliyo nayo ni ya vidole.

Turudi kwa Chailly, kwa sababu nusu ya kisa hiki ni yake. Alifanya vema kutosimamisha okestra? Nimebishana na wenzangu juu ya hili. Mmoja alisema kwamba mwongozaji hana haki ya kumsukuma mtu aliyesema siwezi, na kwamba kusimama, kuomba radhi na kuanza upya kusingemuua mtu, hasa kwenye onesho la mchana. Hoja hiyo ina uzito. Ninachoamini ni kwamba Chailly hakubahatisha. Alijua kwamba Pires aliipiga kazi hiyo msimu uliopita, yaani muda si mrefu, na alimjua kama mwanamuziki. Alikuwa na ushahidi ambao Pires mwenyewe, kwa hofu ya dakika ile, hakuweza kuufikia. Mtu aliyeshtuka hawezi kuhesabu mali yake mwenyewe. Na tazama jinsi alivyosema: alimkumbusha tu jambo ambalo lilikuwa kweli, bila amri na bila kumkemea kwa kutojiandaa, mikono yake ikiendelea kupiga mwendo uleule. Kama angepunguza mwendo hata kidogo, angekuwa amekubaliana na hofu yake.

Ila nawasihi walimu wenzangu wasiigeuze filamu ile kuwa ruhusa. Nimeona mwalimu akimsukuma mtoto jukwaani akimwambia utakumbuka, na mtoto hakukumbuka, na hakupanda tena. Ukitaka kufanya alilolifanya Chailly, uwe kwanza umejua kilichomo ndani ya mtu huyo, na njia ya kujua ni kopo la vijikaratasi, siyo imani.

Kuna kitu kingine kinachonifanya nipende kwamba tukio hili lilitokea kwenye koncheto hii hasa. Mozart aliimaliza tarehe 10 Februari 1785. Ilipigwa kwa mara ya kwanza siku ya pili yake, Ijumaa, katika ukumbi wa Mehlgrube mjini Vienna, yeye mwenyewe akiwa kwenye piano. Baba yake, Leopold, aliwasili mjini siku hiyohiyo, na siku chache baadaye akamwandikia binti yake barua: walipofika, mwandishi wa nakala alikuwa bado ananakili noti za okestra, na kaka yako hakupata hata nafasi ya kuipitia sehemu ya mwisho, kwa sababu ilimbidi asimamie unakili. Mtunzi mwenyewe alikaa mbele ya watu akapiga sehemu ya tatu ambayo hakuwahi kuipitia mara moja na wenzake. Alikuwa na kitu ambacho sisi tunakitafuta kwa jasho: aliijua kazi kutoka ndani, kila mlango aliuchonga yeye.

Mwanafunzi wangu mmoja anarudi kwenye K. 466 sasa hivi, baada ya kuiacha miaka minne, na ataipiga sehemu ya kwanza mwezi ujao, mimi nikishika sehemu ya okestra kwenye kinanda. Wiki iliyopita, alipokuwa anakunja koti lake kuondoka, niliwasha rekodi ya okestra bila kumwambia. Alisimama. Akanitazama kama Pires alivyomtazama Chailly, kisha akarudi akakaa, koti likiwa bado begani, akasubiri. Kwenye kipimo cha 77 aliingia. Alipita F meja, akapita G maina. Kwenye mlango wa tatu, ule wa E-flati, mkono wa kushoto ulikwenda kwingine na akaacha. Jumatano tunaanzia hapo.